Iafoni za Elfu Tano Mbele ya Segere Matata

Ukisimama kwenye meza ya iafoni karibu na Soko Kuu la Tabora ukaomba kujaribu, hutachagua wimbo. Muuzaji anao wake tayari kwenye simu. Mara nyingi ni amapiano, siku nyingine singeli, na sekunde kumi hazijapita atakuuliza, "Umeisikia besi hiyo, kaka?" Umeisikia, ndiyo, hata aliyesimama nyuma yako ameisikia. Maboksi nayo yote yanajisifu kwa hilo hilo, besi. Huo ni mtihani uliotungwa na mtahiniwa mwenyewe. Wimbo wa aina hiyo umetengenezwa kwenye kompyuta, ngoma yake imekaa chini peke yake bila chombo cha kugombana nacho, na sauti ya mwimbaji imesafishwa studio mpaka haina chembe. Iafoni gani itafeli hapo?

Mtihani wa haki upo, na mji huu wenyewe ndio uliouandaa. Mwambie azime wimbo wake, uweke wa Tabora Jazz wa miaka ya 1970. Uso wake utabadilika kidogo, maana besi aliyokuwa anaiuza imetoweka na badala yake kuna watu wanaimba. Hoja yangu ni hiyo tu: rekodi kuukuu ya bendi ya dansi, ya mono, ndiyo msahihishaji mkali kuliko wote wa iafoni ya waya ya bei ya chini. Inaumbua pale ambapo amapiano inasitiri.

Tabora haikuwa mji wa bendi moja. Ilikuwepo Kiko Kids ya Salum Zahoro, ilikuwepo Nyanyembe Jazz, na ilikuwepo Tabora Jazz yenyewe, wana mtindo wa Segere Matata, bendi ya Shem Karenga na "Dada Asha" yake, wimbo ambao ukipigwa harusini hata leo wazee wanaacha pilau ipoe. Bendi nyingi za wakati ule zilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam. Nchi haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, kwa hiyo nyimbo zilizobahatika kuwa santuri zilifyatuliwa Nairobi. Bendi iliingia chumbani ikapiga kwa pamoja, maiki chache zikakusanya kilichokuwepo, mkanda ukazunguka. Aliyekosea alikosea mbele ya wenzake wote. Baadaye mikanda hiyo ikanakiliwa kwenye kaseti, kaseti zikageuzwa kuwa MP3, na leo unaingiziwa kwenye memori kadi pale kibandani, nyimbo kadhaa kwa bei ya soda.

Tuitazame fani ya wimbo wa namna hii, kwa kuwa ndiyo itakayotupa vipimo. Wimbo wa dansi una sehemu mbili kubwa. Katika ya kwanza gitaa la solo linafungua njia, waimbaji wawili au watatu wanaingia kwa sauti zilizopandana, na kisa kinaelezwa bila haraka. Kisha mambo yanageuka: gitaa la rizim linabadili mpigo, saksafoni zinaanza kujibizana na waimbaji, maneno yanapungua mpaka kubaki kiitikio kifupi, na wimbo unachemka hadi mwisho. Mcheza dansi ukumbini aliujua mgeuko huo kwa miguu. Anayesikiliza kwa iafoni akiwa amekaa kwenye basi la Mpanda hana budi kuujua kwa rizim. Solo inaweza kuendelea na nakshi zake, besi inaweza kubaki ilipokuwa, lakini rizim ikibadilika wimbo umevuka kwenda upande wa pili. Kwa hiyo iafoni inayoificha rizim imeuharibu wimbo kwenye kiungo chake, hata kama vyombo vingine vyote vinasikika.

Na rizim ni rahisi sana kufichwa. Sikio la kijana husikia kuanzia hezi 20 hadi kama hezi 20,000. Waya mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, hutoa kama hezi 41. Waya mnene wa gitaa la kawaida hutoa 82. Ukipanda kuanzia hezi 100 hadi 1,000 hivi, hapo wamebanana wote: waimbaji wa kiume, gitaa la rizim, sehemu kubwa ya solo, saksafoni, mapigo ya tumba. Katika nyimbo za siku hizi fundi mitambo angewatenganisha kwa kumsogeza mmoja kushoto na mwingine kulia. Katika mono hakuna kushoto wala kulia. Kinachomtenganisha mpiga rizim na mwimbaji ni tofauti ya sauti zao tu, na jukumu la kuitunza tofauti hiyo limeachiwa kile kiwambo chembamba, chenye kipenyo cha milimita 10 hivi, kilichoko ndani ya iafoni.

Hapo ndipo iafoni nyingi za mezani zinapoanguka. Watengenezaji wake huikuza besi, lakini hawaikuzi kule chini kwenye hezi 40 au 50 ambako ngoma ya amapiano inakaa. Uvimbe unapanda hadi hezi 200, 250, na zaidi. Sauti ya mwimbaji inakuwa nene kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa, tumba linageuka kuwa mgongano usio na ngozi, na rizim inazama. Besi ya namna hii ni asali iliyochanganywa na sukari: mwonjo wa kwanza unaishinda asali ya kweli kwa utamu, wa tatu unagundua haina ladha ya ua lolote la miombo. Hata mpiga besi mwenyewe hafaidi. Katika rekodi za zamani mpigo wa besi unatambulika zaidi kwa sauti zake za juu kidogo, zile za hezi 80 na 120, na kwa mkwaruzo wa kidole kwenye waya. Iafoni inapovimba unasikia kwamba besi ipo, ila huwezi kusema ni noti gani.

Kwa nini wanafanya hivyo? Sababu moja ni meza yenyewe: sokoni kuna kelele za bodaboda na vipaza sauti vya wauza dawa, na kelele za mtaani humeza kwanza sauti za chini. Nyingine ni vimpira. Iafoni ya kuingia ndani ya tundu la sikio hutoa besi ikiwa tu imeziba vizuri. Ukiacha upenyo, besi inavuja na kupotea. Mtengenezaji anajua kwamba wanunuzi wengi watatumia vimpira vya kati vilivyokuja vimevalishwa, viwatoshe visiwatoshe, basi anaongeza besi ili hata inayovuja ionekane ipo. Mwenye sikio ambalo vimpira hivyo vinaliziba sawasawa ndiye anayebebeshwa mzigo wote. Ndiyo maana marafiki wawili wanaweza kubishana kutwa nzima juu ya iafoni moja na wote wakawa wakweli.

Upande wa juu nao una kesi yake. Tundu la sikio lina urefu wa kama sentimita mbili na nusu, na kwa asili yake hukuza sauti za karibu na hezi 3,000. Tumezaliwa tukisikia hivyo, hatujui namna nyingine. Ukiliziba kwa kimpira, ule ukuzaji unaharibika, na iafoni inatakiwa iurudishe yenyewe. Isipourudisha, mwimbaji anasikika kama yuko chumba cha pili. Ikiuzidisha, hasa ikiongeza na mwinuko mwingine huko kwenye hezi 6,000 hadi 8,000, kila "s" na kila "sh" inakuwa sindano. Kiswahili kina "s", "sh" na "ch" za kutosha kumchosha msikilizaji kabla treni haijafika Urambo. Kwenye rekodi ya mkanda kuna na kile kivumo cha mkanda wenyewe, "shhh" ya kudumu iliyotandazwa nyuma ya bendi. Iafoni nzuri hukuachia kivumo hicho mbali, unakisahau. Iafoni kali inakileta mbele kikakaa sambamba na mwimbaji.

Kuhusu yale maandishi ya boksini kwamba iafoni inafika hezi 40,000, tusipoteze muda. Redio ya FM hukatia kwenye hezi 15,000, na MP3 ya kawaida ya kibandani kwenye 16,000 hivi. Zaidi ya hapo hakuna wimbo.

Jaribio ninalolipenda zaidi halihitaji hata kujua jina la chombo. Weka wimbo wa mono, fumba macho, halafu uliza: mwimbaji yuko wapi? Kwa kuwa sauti ya kushoto na ya kulia ni ile ile moja, anapaswa kusimama katikati ya kichwa, nyuma ya paji la uso, bila kuyumba. Akiwa ameegemea kushoto, kiwambo cha kushoto kina nguvu kuliko cha kulia. Akiwa katikati anapoimba chini, kisha akakimbilia kulia anapopanda, viwambo hivyo havikulingana tangu kiwandani. Kwenye iafoni za elfu tatu jambo hili ni la kawaida mno. Wimbo wa kisasa wenye vyombo huku na huku hulifunika. Tabora Jazz hailifuniki hata kidogo. Na kama mwimbaji hayuko popote, ametawanyika pembeni mwa kichwa mithili ya moshi, basi waya za upande mmoja zimeungwa kinyume, kiwambo kimoja kinasukuma wakati kingine kinavuta.

Hilo la mwisho hutokea hasa baada ya matengenezo. Mtazame fundi wa simu akiitengeneza iafoni iliyokatika kwenye pini. Anauchuna mpira wa nje, ndani zinatoka nyuzi laini kama nywele: nyekundu kwa kawaida ni ya kulia, ya kijani au ya buluu ni ya kushoto, ya rangi ya shaba ni ya pamoja. Mgeni angedhani rangi hizo ni za shaba yenyewe. Ni vanishi, na vanishi haipitishi umeme. Fundi anapitisha ncha kwenye moto wa kiberiti, vanishi inaungua, anafuta masizi kwa kucha, ndipo anagusisha lehemu. Anayeruka hatua ya kiberiti anarudishiwa kazi kesho yake. Na ule uzi wa rangi ya shaba ukikatika wenyewe, ukabaki mwekundu na wa kijani, kinatokea kioja: simu inapeleka kwenye viwambo ile tofauti tu iliyopo kati ya kushoto na kulia. Wimbo wa bongo fleva unabaki na mwangwi na vyombo vya pembeni, mwimbaji hayupo. Wimbo wa mono, ambao kushoto na kulia ni kitu kimoja, unanyamaza karibu wote. Mwenye simu anadhani faili limeharibika. Vivyo hivyo ukiichomeka iafoni ya sasa yenye maiki kwenye baadhi ya simu za zamani ambazo mpangilio wa pini zake ni tofauti: sauti inakuwa tupu, lakini ukibonyeza na kushikilia kitufe cha maiki bendi nzima inarudi. Iafoni nzima kabisa hutupwa kwa kosa hilo.

Thamani sasa. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni na iafoni 283 za bei mbalimbali, akitafuta kama bei inahusiana na umbo la sauti. Hakuona uhusiano. Anayeuza ghali anakuuzia vitu vingine, pengine uimara, pengine jina, pengine boksi zuri, lakini kwa sauti peke yake bei haikuambii kitu. Kwa mnunuzi wa Tabora hii ni habari njema yenye mtego ndani yake: ya bei ndogo inaweza kuwa nzuri, lakini hakuna alama ya nje itakayokuonyesha ni ipi. Masikio yako ndiyo yatakayofanya kazi.

Kazi hiyo ya kuchambua bidhaa za bei ndogo si ngeni hapa. Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipofika Kazeh, ndani ya Tabora ya leo, Novemba 1857, alikuta njia ya misafara ikiendeshwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki, na shanga, na katika kitabu chake cha 1860 alitaja aina za shanga zinazokaribia mia nne. Shanga hizo zilikuwa bidhaa za bei ndogo zilizotoka ng'ambo. Lakini mtu wa bara hakuzipokea zote kama vigae. Samesame, zile nyekundu, zilitamaniwa. Nyingine zilikubalika mji huu na kukataliwa mji wa mbele, na mfanyabiashara aliyekosea kuchagua huko Unguja alibeba mzigo wa Kinyamwezi mpaka Ujiji bila kupata wa kumuuzia hata kuku. Mnunuzi wa njia hii aliwahi kuwa na sauti mbele ya kiwanda cha mbali kwa sababu alikuwa mgumu kuridhika. Mnunuzi wa iafoni anaridhika upesi mno.

Kuna faida moja ya waya ambayo wapimaji wa Ulaya na Marekani huisahau, na huku ndiyo ya kwanza. Vitochi vingi, zile simu ndogo za vitufe, havishiki redio bila waya, kwa kuwa waya wa iafoni ndio antena. Wimbi la FM la megahezi 100 lina urefu wa mita 3. Robo yake ni sentimita 75, na waya wa kawaida wa iafoni, wa mita moja na kitu, unatosha kulidaka. Mchunga ng'ombe wa Sikonge au mlinzi wa ghala la tumbaku Urambo anayefuatilia mpira kwenye kitochi cha namna hiyo hawezi kununua iafoni za bluetooth hata kama anazo fedha. Hazitampa redio kwenye simu yake. Kwa mtu huyo iafoni ya elfu tatu iliyovimba besi ni chombo halali, maana mtangazaji wa mpira hana rizim ya kupotea. Simhukumu.

Wala simhukumu kijana wa singeli. Muziki ule unakimbia kupita mapigo 200 kwa dakika, umejaa sauti kali za juu na ngoma fupi fupi, na mvumo wa besi unaochelewa kunyamaza unauvuruga vibaya. Lakini anayeusikiliza akiwa juu ya bodaboda anataka msukumo, na msukumo anaupata. Ninachomwonya ni kimbilio lake la kuongeza sauti ili kuishinda injini. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha saa 40 kwa wiki kwa sauti ya desibeli 80. Ikifika 90, zinabaki saa 4 tu. Kimpira kinachoziba vizuri kinazuia kelele za nje na kukuruhusu kupunguza sauti. Ndiyo sababu kabla sijatazama jina la iafoni mimi huhesabu vimpira vilivyomo kwenye boksi. Wakiweka saizi moja, narudisha.

Kwa bei basi, hukumu yangu ni hii. Iafoni za elfu tatu, zile za kwenye mfuko wa nailoni, ni antena zinazotoa sauti. Zinunuliwe kwa kazi hiyo. Kati ya elfu tano na elfu kumi na tano kuna bahati nasibu: ndani ya kundi hili nimesikia iafoni ambayo rizim ya Nyanyembe Jazz ilikaa wazi kabisa kando ya mwimbaji, na nyingine ya bei ile ile ambayo nusu ya bendi haikuwepo. Hapa ndipo jaribio la mono linapolipa. Juu yake ziko zile za Kichina ambazo hazipangwi mezani, huagizwa, kama Moondrop Chu na 7Hz Salnotes Zero, zote za mwaka 2022, zilizotoka zikiuzwa kama dola 20 za Marekani kila moja, yaani karibu shilingi elfu hamsini kabla ya usafiri. Kwa muziki wa dansi hizi zimo katika daraja jingine: besi kiasi, kilima cha hezi 3,000 kimewekwa mahali pake, mwimbaji katikati. Kati ya hizo mbili ningechukua Zero. Waya wa ile Chu ya kwanza umeganda kwenye iafoni, ukikatika unarudi kwa fundi na kiberiti chake. Waya wa Zero unachomoka, unaununua mpya na kuendelea. Kwa barabara zetu na mifuko yetu, waya ndio hufa kwanza.

Usiagize kabla hujapita sokoni, lakini. Nenda na simu yako, iwe na wimbo mmoja wa mono unaoujua mpaka mahali saksafoni zinapoingia. Badilisha vimpira kwanza. Sikiliza mwimbaji amesimama wapi, kisha subiri mgeuko wa rizim. Ukikupita bila kuusikia, vua. Muuzaji akikataa kuuzima wimbo wake, sogea meza ya pili, zimepangana.